Madhabahu Juu ya Soko: Kanisa la Mkunazini Likitazamwa Kutoka Rumonge

Ndugu msomaji, leo nakuomba tutoke kidogo hapa Gatete, tuache michikichi na mitumbwi ya dagaa, twende hadi Unguja, katika mtaa uitwao Mkunazini. Jina lenyewe ni somo la sarufi. Mkunazi ni mti wenye miiba na matunda madogo matamu. Ukitia kiambishi -ni mwishoni unapata mahali, yaani penye mkunazi. Mtaani hapo limesimama Kanisa Kuu la Kristo, kanisa la Waanglikana lililojengwa na Waingereza katika karne ya 19. Kiwanja chake kilikuwa soko la watumwa.

Huenda ukauliza kanisa la Waingereza kisiwani Unguja linamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika. Linamhusu kwa kuwa askofu aliyelijenga ndiye mmoja wa watu waliokitia Kiswahili hiki katika vitabu vya sarufi, na kwa kuwa njia ya misafara iliyokileta Kiswahili katika ufuko wetu ndiyo njia iliyopitisha watu wakiuzwa. Mambo hayo mawili hayatenganiki kirahisi. Mwalimu anayekufundisha ngeli za nomino bila kukuambia lugha ilipita wapi hadi ikakufikia, amekupa nusu ya somo.

Chanzo cha kanisa hilo ni hotuba. Mwezi Desemba 1857 mvumbuzi na mmisionari David Livingstone alizungumza katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akawasihi vijana wa Uingereza waje Afrika. Kutokana na mwito huo ikaundwa jumuiya iliyokuja kujulikana kama Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, kwa kifupi UMCA. Safari yao ya kwanza ilikuwa ya majonzi. Askofu wao, Charles Mackenzie, alikwenda nchi ya mto Shire, katika Malawi ya leo, akafa kwa homa mwezi Januari 1862, na wenzake kadhaa wakafa vilevile. Mrithi wake, Askofu William Tozer, aliamua kuiacha bara kwa muda. Mwaka 1864 alihamia Unguja pamoja na rafiki yake, padri mmoja aliyeitwa Edward Steere.

Hawakuwa na waumini hata mmoja. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliokamatwa ndani ya jahazi la watumwa, nao walipewa na Sultani Majid. Tafakari jambo hilo, msomaji. Shule ya kwanza ya misheni ilianza kwa watoto ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kusoma, wala aliyejua njia ya kuwarudisha kwao. Mmoja wao, John Swedi, baadaye alipewa daraja la ushemasi.

Wakati huo soko lilikuwa bado wazi. Ni mpaka mwaka 1873 ndipo serikali ya Uingereza ilipomtuma Bartle Frere kumshurutisha Sultani Barghash atie sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Sultani alikataa mwanzoni, kwa kuwa mapato ya kisiwa na mashamba ya karafuu yalitegemea watu hao. Uingereza ikatishia kuzingira kisiwa kwa manowari. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alisaini, na soko la Mkunazini likafungwa. Miezi michache baadaye kiwanja kikawa mikononi mwa misheni: padri mmoja wa UMCA, Arthur West, alinunua sehemu yake kwa fedha zake, na sehemu nyingine ikatolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara Mhindu. Jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo.

Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, ndiye aliyesimamia ujenzi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya habari yake inayostahili kusomwa polepole. Hakujenga kwa mawe yaliyochongwa Ulaya. Alitumia matumbawe na chokaa, vifaa ambavyo mafundi wa pwani walivitumia tangu karne nyingi kwa misikiti na majumba. Paa ndilo lililowatia watu shaka. Steere alitaka paa la mviringo, mfano wa mtumbwi uliopinduliwa juu ya kuta, lililotengenezwa kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, lisilo na boriti za mbao ambazo mchwa wangezila. Upana wake ni mita zipatazo 8 na nusu. Wengi walitabiri kwamba lingeanguka. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877 chini ya anga tupu, kwa kuwa paa lilikuwa bado, na miaka miwili baadaye jengo likafunguliwa likiwa limeezekwa. Paa lile lingali juu. Hata saa ya mnarani ina habari yake: ilitolewa na Sultani Barghash, Mwislamu, yule yule aliyelazimishwa kulifunga soko.

Sasa ingia ndani. Hapa nakuomba ujifunze kitenzi kimoja muhimu katika elimu ya uraia: inasemekana. Kiongozi wa wageni atakuonyesha mduara wa marumaru sakafuni mbele ya madhabahu, atakwambia kwamba hapo ndipo palipokuwa mti ambao watumwa walifungwa wakachapwa viboko ili wanunuzi wapime uvumilivu wao. Inasemekana. Atakuonyesha nguzo ndogo karibu na mlango wa magharibi, zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Inasemekana mafundi waliziweka hivyo askofu alipokuwa safarini. (Habari hiyo hupendwa sana na wageni. Mimi naona inafurahisha, lakini siwezi kuacha kujiuliza ni fundi gani wa Unguja aliyezaliwa penye nguzo na mihimili halafu asijue kichwa cha nguzo.) Kisha atakupeleka nje, kwenye jengo la Mtakatifu Monika, ushuke katika vyumba viwili vya chini vyenye dari fupi, na utaambiwa kwamba watu walirundikwa humo wakingoja mnada. Lakini jengo la Mtakatifu Monika lilijengwa na misheni, soko likiwa limekwisha fungwa, na kwa sababu hiyo wanahistoria kadhaa wanaitilia shaka habari ya vyumba hivyo.

Sisemi haya ili kuyapunguza mateso. Mateso yalikuwepo, na yameandikwa na watu walioyaona kwa macho yao. Ninasema kwa kuwa mtu akijua kwamba jambo moja kati ya aliyosimuliwa si kweli, huanza kuyakataa na yale yaliyo kweli, na hapo wanaoteseka mara ya pili ni wale waliouzwa.

Yako mambo yasiyohitaji inasemekana. Kaburi la Steere liko nyuma ya madhabahu. Alifariki mwezi Agosti 1882. Upo msalaba wa mbao uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambako Livingstone alifariki mwaka 1873 na moyo wake ukazikwa chini ya mti huo. Yako madirisha ya vioo vya rangi, na miongoni mwake lipo linalowakumbuka mabaharia wa jeshi la Uingereza waliokufa wakiyawinda majahazi ya watumwa. Na nje uani, tangu mwaka 1998, limo shimo lenye sanamu tano za binadamu, kazi ya mchongaji wa Sweden Clara Sörnäs, zimesimama zikiwa zimefungwa mnyororo shingoni.

Angalia tofauti, msomaji. Kwa zaidi ya miaka mia moja, kanisa lilikuwa na kumbukumbu ya mvumbuzi, ya askofu na ya mabaharia. Waliouzwa hapo hawakuwa na chochote cha kuonyesha umbo lao mpaka mwishoni mwa karne ya 20. Na sanamu hizo hazina majina, kwa kuwa sokoni mtu aliandikwa kwa bei yake.

Jengo hilo lina ukimya mwingine. Madhabahu juu ya soko inamfanya mgeni aamini kwamba utumwa uliisha mwaka 1873. Kilichoisha ni mnada wa hadharani na ruhusa ya kuvusha watu baharini. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja na Pemba hadi mwaka 1897, wakati kisiwa kikiwa tayari chini ya himaya ya Uingereza. Na hata hapo, aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mahakamani kuuomba, na fidia alilipwa bwana wake. Masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Katika Tanganyika utumwa ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1922. Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao jiwe la msingi liliwekwa angeweza kuwa mtu mzima mwenye mvi na bado awe mtumwa bara.

Wala biashara haikuwa ya Waarabu peke yao, kama vitabu vingi vya shule vilivyoandikwa na wakoloni vilivyopenda kusema. Neno letu merikani, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, lilitokana na nchi kilikotoka: Marekani. Kitambaa hicho kilishuka Unguja kutoka bandari ya Salem, kikapanda hadi Ujiji, kikanunua pembe za ndovu na watu. Pembe zikarudi kuwa vitufe vya piano katika nyumba za Ulaya na Marekani. Wahindi walikopesha mitaji, watawala wa bara waliuza mateka wa vita, na Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi waliongoza misafara. Nikumbushe pia kwamba wapagazi wengi waliobeba pembe hizo walikuwa watu huru wenye kulipwa ujira, hasa Wanyamwezi. Picha ya kila mpagazi kuwa mtumwa mwenye mnyororo si sahihi.

Ukimya wa tatu umo katika lugha yenyewe. Katika Kiswahili cha pwani cha wakati ule, mtu huru aliyestaarabika aliitwa mwungwana, na mtu wa bara aliitwa mshenzi. Maneno hayo yangali katika kamusi. Mwanafunzi wa Gatete anapokutana na neno mshenzi hudhani ni tusi la kawaida tu, la mtu asiye na adabu. Lilikuwa zaidi ya tusi: lilitenganisha anayeweza kuuza na anayeweza kuuzwa, na babu zetu wa ufuko huu walihesabiwa upande wa pili. Ninalifundisha neno hilo darasani. Silifichi, lakini nalifundisha pamoja na mwaka na mahali.

Hata hivyo, katika uwanja huohuo wa soko, lugha ilifanyiwa kazi ya ajabu. Mwaka 1870, soko likiwa bado wazi, Steere alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja, na mwaka huohuo akachapisha mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji, mojawapo ikiwa ile ya Sultani Darai. Alitafsiri sehemu kubwa ya Biblia. Vitu hivyo vilichapishwa kwa herufi za Kilatini, katika lugha ambayo hadi hapo ilikuwa imeandikwa kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, na katika mtambo wa misheni waliofanya kazi ya kupanga herufi walikuwa vijana waliookolewa majahazini. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua lahaja ya kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ulichagua Kiunguja. Wenye Kimvita hawakufurahi, nao walikuwa na hoja, kwa kuwa ushairi mkubwa ulikuwa wao. Lakini Kiunguja kilikuwa na vitabu na kilikuwa kimesafiri na misafara hadi bara. Kwa hiyo unaposema ninakwenda na kuandika kitabu hiki, unatumia lahaja iliyosanifiwa kwa sehemu kutokana na kazi iliyofanyika Mkunazini na Kiungani.

Na katika kanisa hilohilo, mwaka 1890, alipewa upadri Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto mdogo na kulelewa na misheni. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufikia daraja hilo. Alirudi bara, akafanya kazi Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, miongoni mwa watu wa lugha yake. Viongozi wa wageni wangetumia nusu ya muda wanaotumia kwa zile nguzo kumzungumzia Majaliwa, wageni wangeondoka na jambo kubwa zaidi.

Kuna mtu mwingine wa kanisa hilo ninayetaka umjue, kwa kuwa anafaa katika somo la uraia. Frank Weston alikuwa askofu wa Zanzibar tangu mwaka 1908 hadi alipofariki mwaka 1924. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia yeye mwenyewe aliongoza kikosi cha wapagazi wa Unguja waliolitumikia jeshi la Uingereza, akatembea nao. Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni ya Kenya iliwaagiza watumishi wake wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na kuhimiza huko kulikuwa kulazimisha. Mwaka 1920 Weston aliandika kijitabu kikali akiwaita Waafrika hao watwana wa Uingereza. Askofu aliyesalisha chini ya dirisha la mabaharia waliokufa wakipinga utumwa aliiambia nchi ya mabaharia hao kwamba imeurudisha utumwa kwa jina jingine. Hakusema kama mgeni asiyeijua kazi ya kulazimishwa, alikuwa ameiongoza.

Turudi sasa kwetu ziwani. Wengi waliofikishwa katika soko la Unguja walitoka upande wa Ziwa Nyasa na kupitia Kilwa. Sitaki uondoke ukidhani kwamba Rumonge ndiyo iliyojaza soko hilo. Lakini njia ya kati, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ilifika kwenye maji haya haya. Mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley, baada ya kukutana Ujiji, walipanda mtumbwi wakaelekea kaskazini wakiambaa na ufuko wetu, ili kuhakikisha kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Unaingia. Jiwe lililoko Mugere, kusini mwa Bujumbura, limechongwa majina yao na tarehe 25 Novemba. Miaka michache baadaye mwenye nguvu hapa ziwani alikuwa Muhammad bin Khalfan wa Ujiji, mzaliwa wa pwani, aliyepewa jina la Rumaliza. Sikiliza mzizi wa jina hilo: kumaliza. Watu wake walivamia vijiji vya ufukoni, lakini walipojaribu kupanda milimani walirudishwa na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo.

Baina ya pande hizo mbili ndipo walipojiweka Mapadri Weupe mwaka 1879, mwaka uleule Steere alipokamilisha paa lake. Walifungua misheni Rumonge, nao, kama wenzao wa Unguja, waliwakomboa watoto watumwa na kuwalea. Tarehe 4 Mei 1881 ugomvi na wenyeji uliohusu mtoto mmoja kati ya hao uligeuka mapigano. Mapadri Deniaud na Augier waliuawa, pamoja na d'Hoop, mlei kutoka Ubelgiji. Misheni ikaachwa. Wamisionari hawakurudi kuishi Burundi mpaka mwishoni mwa karne, walipofungua Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899. Historia imeyahifadhi majina ya Wazungu watatu. Jina la mtoto yule wasomaji wengi hawajawahi kulisikia, wala la mzazi aliyekuwa akimdai, ikiwa alikuwa na mzazi karibu.

Mkunazini pana jengo la kubishania. Unaweza kusimama mbele ya mduara wa marumaru na kusema, hili sikubali, nionyeshe hati. Katika ufuko wetu hakuna paa la saruji wala shimo lenye sanamu; kuna Kiswahili. Kilikuja na wafanyabiashara wa Ujiji, kikakaa Rumonge na Nyanza-Lac na Buyenzi. Wengine walikimbia mwaka 1972 wakiongea Kirundi tupu, wakarejea na watoto wenye Kiswahili cha Tanzania. Na ukiwa sokoni Rumonge utakisikia kikipima mawese na kuhesabu mafungu ya samaki. Kila neno kati ya hayo limetembea. Ndiyo maana nawapa wanafunzi wangu zoezi hili, nawe ulifanye: chukua maneno merikani, mpagazi, mwungwana, mateka na mshenzi, kamuulize mzee wa nyumbani kwenu kila moja alilisikia wapi kwa mara ya kwanza na lilitumika kwa nani. Andika majibu yake kwa maneno yake, pamoja na tarehe ya siku uliyomuuliza.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Nchi huorodhesha vilivyo ndani ya mipaka yake, kwa hiyo orodha hiyo inaishia Ujiji. Mitumbwi haikuishia hapo.